Mtani Kasemaje

Mtaani kwetu Kiwalani mtu akilazwa, swali la kwanza halikuwa daktari kasemaje. Lilikuwa Mtani kasemaje. Ukirudi kutoka hospitali na kikapu cha vyombo mkononi, mama wa genge, mshona viatu, jirani anayeanika nguo, wote walikuuliza hilo kwanza. Habari za dripu na vipimo zilifuata baadaye, kwa adabu tu. Kama Mtani alimcheka mgonjwa, watu walishusha pumzi. Kama alimpa pole ya heshima, walikugusa bega wakaenda zao, na kabla ya jioni mtu alikuwa ameanza kuulizia turubai.

Naandika haya sebuleni kwa mama, kwenye kochi alilolishona Mtani mwenyewe. Mama amelala chumba cha pili. Kila nikiandika sentensi mbili tatu naacha, natega sikio nisikie anavyopumua, halafu naendelea. Sijawahi kuandika juu ya mtu yeyote. Namwandika Mtani kwa sababu nikimwacha kichwani hanipi usingizi.

Jina lake nalijua na sitalisema, maana hakuna aliyelitumia. Hata kwenye bati la karakana yake mtu alikuwa ameandika kwa rangi ya bluu: MTANI SOFA. Yeye Mnyamwezi, sisi Wangoni wa Songea, na makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za mababu. Wazee wanasema walipigana mpaka wakachoka, kisha wakapatana kwamba toka siku hiyo watachokozana kwa maneno tu, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Mtani anaingia kwako bila hodi, anafunua sufuria yako, anakusema mbele ya wakwe, nawe unacheka. Msiba ukitokea, ni yeye anayewachekesha wafiwa, maana ndugu hawawezi.

Yeye alimwita mama mateka wangu. Mama alimwita mpagazi, kwa kuwa zamani Wanyamwezi walibeba mizigo ya misafara mpaka pwani. Akipita dirishani asubuhi alimuuliza mateka wake anakula nini siku hizi mpaka anatembea kama gunia lililopewa miguu. Mama alimjibu bila kuacha kuchambua mchele kwamba mpagazi hasimami njiani, abebe mzigo wake apite. Nimekua nikisikia hayo kila siku, na siku ambazo hayakusikika nilijua mmoja wao amesafiri.

Kazi yake, kama bati lilivyosema, ilikuwa makochi. Alikaa chini ya kibanda chake mdomo umejaa misumari midogo, akitoa mmoja mmoja na kuugonga kwenye mbao. Akiwa na misumari mdomoni ulikuwa salama. Akianza kuitoa yote na kuipanga kiganjani, ujue amekuona. Kijana mmoja alipita amevaa suti mpya, anakwenda kujitambulisha ukweni, na Mtani akatoa misumari yake taratibu akamuuliza kama mwenye suti anajua iko wapi. Kijana alirudi nyumbani akabadilisha, akaenda na shati. Baadaye alikuja kumshukuru, kwa sababu ile suti kweli ilikuwa ya kuazima, na aliyemwazima alikuwa mmoja wa wageni kule ukweni.

Lakini nikitaka mtu amwelewe Mtani, namsimulia msiba wa baba. Baba alikuwa na tabia ya kupapasa mifuko kila baada ya hatua chache akitafuta funguo, na funguo alikuwa nazo siku zote. Siku ya mazishi nyumba imejaa watu, wanawake wako kwenye mikeka, mama hajatoa sauti tangu asubuhi ya jana yake. Hakulia, hakusema, alikaa tu, na mimi niliogopa ule ukimya kuliko nilivyoogopa maiti. Mara mlango wa chumbani ukafunguliwa akatoka Mtani amevaa koti la kahawia la baba. Akapiga hatua, akapapasa mfuko. Akapiga nyingine, akapapasa mwingine. Akasimama katikati ya mkeka akauliza nani kachukua funguo zake, watu wamekaa tu wanakula wali wake. Mama aliingiza ncha ya khanga mdomoni, mabega yakatikisika, akacheka, na ndani ya kicheko hicho hicho kilio kikatoka. Wanawake wakampokea. Makaburini Mtani alikaa juu ya udongo akasema hazikwi mtu hapa mpaka Wangoni wakiri walishindwa vita. Baba mdogo akakiri huku machozi yakimtoka, ndipo akainuka tukazika.

Mimi ninafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji Chang'ombe. Nasoma kurasa kabla hazijachapwa, natafuta makosa. Ni kazi inayomfaa mtu mwenye wasiwasi, na mimi wasiwasi nimezaliwa nao. Mwaka mmoja ilikuja kazi ya kitabu cha shule kuhusu Wagiriki wa kale na miungu yao. Kurasa za mbele zilijaa wale wakubwa, wa radi, wa bahari, wa vita. Mwishoni ndipo walipobanwa miungu wadogo, mistari michache kila mmoja, na humo nikamkuta Momo.

Momo alikuwa mtoto wa Usiku. Hakupewa bahari wala mvua. Kazi yake mbinguni ilikuwa moja: kutoa kasoro. Miungu watatu waliposhindana nani ataumba kitu bora, mmoja akaumba fahali, mmoja akamfinyanga binadamu, na Athena, mungu wa kike wa hekima, akajenga nyumba, Momo ndiye waliyemweka awe mwamuzi. Akasema fahali ana pembe juu ya macho, haoni anachokichoma. Akasema binadamu hana mlango kifuani, mtu hawezi kuchungulia akajua mwenzake anawaza nini. Akasema nyumba haina magurudumu, ukipata jirani mbaya utahamaje.

Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mwenzangu akaniuliza kama ni mzima. Karatasi ile ilikuwa imechapika vibaya, ya kutupa, basi nikaikunja nikaja nayo Kiwalani, nikamsomea Mtani pale kibandani. Alisikiliza misumari ikiwa mdomoni. Nilipomaliza akaitoa yote.

"Huyo Mnyamwezi," alisema. "Kapoteaje huko?"

Tangu siku hiyo Momo akawa ndugu yake. Watu wa vipimo walipopita bondeni wakachora alama ya X nyekundu kwenye kuta za nyumba zitakazobomolewa, Mtani alizunguka mlango kwa mlango akiwauliza wenye nyumba magurudumu yako wapi, ndugu yangu alishasema zamani hamkusikia. Walimcheka kwa uchungu, na wengine walimtukana. Lakini walipoanza kutoa vyombo, yeye ndiye aliyebeba makabati pamoja nao mchana kutwa, akilalamika kila kabati kwamba ni baya na halistahili kuokolewa. Nyumba ya mama ilipona kwa upana wa uchochoro. Mama hakuamini kuwa imepona. Mpaka leo akisikia watu wageni wakiongea nje, anauliza kama wana kopo la rangi.

Nilipojenga kwangu Tegeta nilimwalika, na ninakumbuka nilivyosafisha siku nzima nikijua haitasaidia. Alisimama getini akatazama ukuta mrefu, akasema nimejijengea gereza nikasahau kuajiri askari. Akaingia sebuleni, akafungua pazia, akaona ukuta wa jirani karibu kabisa na kioo, akanipa hongera kwa kununua picha kubwa ya tofali. Kuhusu barabara alisema foleni ya huko inamfaa mtu aliyegombana na mumewe, atafika nyumbani hasira zimekwisha. Nilicheka, lakini baada ya kuondoka nilikaa kwenye kiti nikatazama ule ukuta wa jirani. Alisema kweli. Nilipaswa kumleta kabla ya kujenga.

Kuhusu mlango kifuani hawakukubaliana, yeye na Momo. Nilidhani hilo ndilo litakalomfurahisha kuliko yote. Akatikisa kichwa. Alisema mtu ukiona kilichomo kifuani mwa mwenzako hutaweza tena kumtania, utampa pole tu asubuhi mpaka jioni. Utani unataka mlango ufungwe, alisema. Akarudisha misumari mdomoni, akaendelea kugonga.

Habari ya mwisho ya Momo niliileta baadaye, kwa kuwa ilikuwa ukurasa mwingine. Kulikuwa na Afrodita, mungu wa uzuri, na Momo alimkagua juu mpaka chini asione kasoro. Mwishowe akasema viatu vyake vinalia anapotembea. Wengine wanasema hata hivyo roho haikumtulia, akapasuka kwa kukosa la kusema. Wengine wanasema hakupasuka, miungu walichoka naye wakamtupa nje ya mlima walikoishi.

"Hapo kwenye viatu alishashindwa," Mtani alisema. "Ukimsikia mtani anaanza mambo ya viatu, ujue kakosa la kusema na anaona aibu kunyamaza."

Nikamuuliza kuhusu kufukuzwa. Alitaka kwanza kujua kama hao miungu walikuwa wanakufa. Nikamwambia hapana, wanaishi milele. Akasema basi ndiyo maana walimfukuza, watu wasiokuwa na misiba wana haja gani na mtani.

Mtu huyu aliyewasema watu wote hakuweza kuvumilia sifa. Ukimwambia kochi limetoka zuri, alilivua kitambaa mbele yako akaanza upya. Ukimshukuru, aligeuza uso kama umemtemea mate. Hospitali aliziogopa, alifika kwenye geti akatoa jasho la shingo kabla ya kuingia. Tena, katika mambo yake yote, hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno moja juu ya marehemu mke wake, aliyekuwa Mngoni kama sisi. Mimi nilidhani ni heshima.

Ile sifa ya kutabiri hakuitafuta. Ilianza kwa mwenye duka wa kona, mzee wa Kiarabu ambaye familia yake ilikuwa na duka pale kabla yetu sote. Si mtani wa Wanyamwezi hata kidogo, lakini Mtani alimlazimisha utani kwa miaka, akimshutumu kwamba mizani yake ina malaria. Mzee alipougua, Mtani alikwenda kumwona, akakaa, akasema, "Mungu akupe nafuu, ndugu yangu." Basi. Mzee akafa wiki ile. Kisha mama mmoja wa Kwaya ya Kina Mama, mnene, mcheshi, alipata maneno mazuri kutoka kwa Mtani na hakumaliza mwezi. Kisha fundi bomba alilazwa hali mbaya kabisa, ndugu wameshaitwa, Mtani akamwambia kitanda kimempendeza kuliko kazi, na fundi bomba yule hadi leo anazibua vyoo. Watu wakaunganisha. Mtaa ukaanza kuuogopa upole wa mtu huyo kama inavyoogopwa simu inayolia alfajiri.

Halafu akaugua mama.

Ni moyo. Daktari alisema umechoka kusukuma damu. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, akawa hawezi kulala chali, analala ameketi. Nilichukua likizo nikahama Tegeta nikarudi Kiwalani. Nilijifunza vidonge, nilijifunza kumpima uvimbe kwa kubonyeza kidole na kuona shimo linachukua muda gani kujaa. Nje ya geti kila mtu aliniuliza Mtani kasemaje. Nilijibu hajaja. Waliitikia "aa", na hiyo "aa" niliichukia.

Hakuja wiki ya kwanza. Hakuja ya pili. Karakana ni mitaa miwili tu kutoka kwetu. Mama hakumtaja, lakini asubuhi, muda ule aliozoea kupita, aliniomba nifungue dirisha, na baada ya muda akaniomba nilifunge. Mimi nilikuwa nimegawanyika. Nilitaka aje amtukane mama mpaka mtaa mzima usikie. Lakini nikimwona hata kwa mbali niliogopa kwamba siku hiyo ndiyo atakuja, na atakuja na adabu.

Mwishowe nilimfuata. Alikuwa na kochi limepinduliwa miguu juu. Nikamwambia njoo umtanie mama. Akatoa misumari, akaipanga kiganjani, akaiangalia.

"Utani hauagizwi kama chipsi."

"Basi njoo umwone tu."

"Nikimwona ndipo penye ishu."

Nikakaa kwenye kigoda. Sikuwa na nguvu za kubembeleza na nadhani aliona. Akaanza kuongea huku akiangalia lile kochi. Alisema yeye na mke wake waliishi kwa utani, toka siku ya posa, hakuna siku alimwita jina zuri wala yeye kuitwa. Mke akaugua, akaisha, akawa mwepesi wa kubebwa. Jioni moja alikuwa anamnywesha uji, akamwona alivyo, na maneno yote ya utani yakamkauka mdomoni. Akamwambia umekuwa mke mwema, Mungu akulipe.

"Akanitazama," Mtani alisema. "Akasema, kumbe hali ni mbaya hivyo. Akageukia ukutani. Uji hakunywa tena."

Ndege ilikuwa inashuka. Kwetu ndege zinapita karibu na mapaa kiasi kwamba watu wamezoea kukata sentensi katikati, kungoja, kisha kuendelea. Tulingoja.

"Mie sijuagi nani anakufa," alisema ilipopita. "Watu wanasema nimeona kitu. Sijaona kitu. Naogopa tu, mdomo unakauka, maneno mazuri ndiyo yanabaki. Sasa mama yako nikimfanyia hivyo?"

 Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa namhurumia, na vyote viwili havikunisaidia kitu. Niliondoka bila kuaga.

Alikuja Jumapili mchana. Sikumtegemea. Hakupiga hodi, hilo lilinipa moyo kidogo, akaingia moja kwa moja sebuleni. Mama alikuwa kwenye kochi hili hili, miguu juu ya stuli, khanga magotini. Mtani akasimama mbele yake. Akamtazama uso, akatazama shingo ambako mshipa unaruka, akatazama miguu ilivyojaa. Mama akamtazama pia, ametulia, kama mtu anayengoja chenji dukani. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai, na nilimwona Mtani akilamba midomo.

Nikamwomba Mungu. Nilisema moyoni, mtukane, tafadhali mtukane.

"Mateka wangu," akasema, "hizo kandambili zako hapo chini. Zinalia hata hujazivaa."

Mama akacheka. Akamwambia zinalilia mpagazi wa kuzibeba. Yeye akasema hazibebi, zina harufu ya Songea. Mama akasema bora Songea kuliko jasho la msafara. Sauti yake ilikuwa fupi, lakini ilikuwa yenyewe. Mimi niliweka sinia chini nikakimbilia jikoni, nikashika ukingo wa sinki nikalia kwa furaha. Jirani aliuliza kupitia dirishani Mtani kasemaje. Nikamwambia kamcheka. Nikasikia habari ikiruka ukuta kwa ukuta kuelekea gengeni, na mwanamke mmoja akapiga kigelegele.

Alikunywa chai, akaisema, akaaga. Nikamsindikiza. Nilikuwa namshukuru bila kutamka, nikijua hapendi. Tulipofika getini ndege nyingine ikawa inashuka, tukasimama kungoja, na ni katika kusimama kule ndipo liliponijia neno: kandambili. Mambo ya viatu, kama Momo. Nilimgeukia. Uso wake ulikuwa umelegea wote, na alikuwa akinitazama kwa muda mrefu.

Ndege ikapita. Angeweza kuondoka. Mimi nilitaka aondoke.

Tangu nikiwa mdogo aliniita mateka mdogo, kinda la panya, msomi wa makosa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, mwanangu," alisema.

Kisha akaenda, kichwa chini, na watu wa gengeni wakimshangilia njia nzima kwa kumcheka mama.

Sijui nilisimama pale kiasi gani. Nilifuta uso kwa ndani ya gauni, nikajaribu kutabasamu, nikaona silijui tena tabasamu lenyewe linakaaje. Nikarudi. Mama alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala, nikataka kupita kwa kunyata.

"Kasemaje huko nje?" aliniuliza.

Mimi mtafuta makosa kwa ajira nilimtazama mama yangu kuanzia kilemba mpaka miguu, nikatafuta kasoro moja tu, na sikuiona.

"Kasema chai yako mbaya," nikasema. "Kasema ni maji ya kuoshea sufuria."

Mama akafumbua macho.

"Chai si umepika wewe?"

Nikakubali kwamba ndiyo, nimepika mimi. Akanitazama kwa muda, na niliona kwamba anajua, na anaona kwamba nimeona. Akashusha pumzi, akasogeza khanga yake kando ili nipate nafasi ya kukaa kwenye kochi, akapigapiga kitambaa kwa kiganja.

"Uongo wako haujaiva," alisema. "Haya, kaa hapa. Rudia."